Kuku wanakoroma usiku, nyuso zimevimba: ni mdondo au mafua?

Daktari, salaam.

Nafuga kuku chotara nyuma ya nyumba, hapa Uyole, Mbeya. Mitetea walikuwa 34, sasa wamebaki 31. Wawili wamekufa, mmoja tulimchinja alipozidiwa. Banda ni la matofali, mita tatu kwa mbili na nusu, sakafu ya saruji yenye maranda.

Mwishoni mwa Juni baridi ilipokaza niliziba madirisha yote kwa viroba, na uwazi wa juu ya mlango nikaupigilia nailoni. Wiki iliyofuata nikanunua jogoo mnadani, mkubwa wa kupendeza, nikamwingiza bandani jioni ileile. Siku ya nne mitetea wawili wanaolala karibu naye wakaanza kupiga chafya. Ilipofika siku ya kumi, nusu ya banda wanaumwa. Wapo waliovimba uso chini ya jicho, wapo ambao jicho limefunga kabisa. Wanatoka kamasi, na ukimsogeza kuku karibu na pua ananuka kama kitu kilichooza. Usiku nikisimama nje nasikia wanakoroma. Wawili au watatu wanahema mdomo wazi. Kinyesi naona ni cha kawaida. Mayai yalikuwa 22 kwa siku, leo nimeokota 9.

Nimewapa kapsuli za tetrasaikilini za watu, sita kwenye ndoo ya lita 20, kwa siku mbili. Nikaweka na kitunguu saumu na shubiri. Walipata nafuu siku moja wakarudi palepale. Jogoo mwenyewe hana neno, kamasi kidogo tu. Chanjo ya mdondo ya matone walipata Januari. Jirani anasema huu ni mdondo, nichinje wote kabla hawajaisha. Muuza dawa kanipa poda kwenye mfuko mdogo wa nailoni, akasema kijiko kimoja kwa ndoo. Watoto bado wanakula mayai. Nifanyeje?

Mama wa kuku 31, Uyole

JIBU

Pole sana, mama. Weka kisu chini kwanza. Kwa dalili ulizoandika, huu hauna sura ya mdondo. Ni mafua ya kuku, yale yanayoitwa koraiza, na jogoo ndiye aliyekuja nayo. Viroba vya madirishani vimeyafanya makali kuliko ambavyo yangekuwa.

Tazama tarehe zako mwenyewe. Bakteria wa mafua ya kuku huonyesha dalili ndani ya siku moja hadi tatu tangu kuku mzima akutane na mgonjwa. Jogoo ameingia, siku ya nne majirani zake wa kulala wanapiga chafya, siku ya kumi nusu ya banda. Uso uliofura chini ya jicho, jicho lililofunga na harufu ya uozo ni alama zake. Kuku ana uwazi wa hewa chini ya jicho ambao upande wa nje hauna mfupa, umefunikwa na ngozi tu, kwa hiyo usaha ukijaa humo uso lazima uvimbe. Na yule jogoo kuonekana mzima ndiyo tabia ya ugonjwa huu: aliyewahi kuugua akapona hubaki na vimelea puani, akawagawia wengine bila yeye kulala chini.

Mdondo, au kideri, ungekuwa umeshakuonyesha kitu kingine. Kwa kuku ambao kinga imekwisha (na chanjo ya Januari imekwisha, nitaifikia) ungeokota mizoga asubuhi ya kuku waliokula vizuri jana. Ungeona kinyesi cha kijani, mbawa zinazoning'inia, miguu iliyokufa ganzi, na waliobaki hai wakipinda shingo hadi kichwa kutazama juu au nyuma. Wewe una vifo viwili katika siku kumi na zaidi, kinyesi cha kawaida, shingo nzima. Lakini usijiachie. Ukiona hata moja kati ya dalili hizo, au kuku wanne watano wakifa kwa siku moja, au upanga wa kichwani na ule mnofu mwekundu chini ya mdomo ukigeuka samawati, acha kila dawa na mwite afisa mifugo wa kata siku hiyohiyo. Mdondo na mafua makali ya ndege havina tiba, na kuchinja haraka haraka uani ndiko kunakosambaza damu, manyoya na utumbo mtaa mzima.

Kabla ya dawa, wakague tena leo usiku. Mchana kelele ni nyingi na kuku mgonjwa hujikaza akikuona. Saa mbili usiku wakishatulia, simama mlangoni dakika tano bila tochi, sikiliza, uhesabu sauti. Mlio wa kukwaruza kama wa mtu mwenye kifua, unaosikika kila pumzi, maana yake ugonjwa umeshuka kwenye koo la hewa. Chafya peke yake ni ya puani. Kisha mchukue mmoja mmoja, mweke pajani akiwa wima, mwekee sikio mgongoni katikati ya mabega. Asiyekoroma lakini anayetikisa mkia juu na chini kila anapovuta pumzi amezidiwa kuliko anayekoroma kwa sauti.

Namna ya kumshika ni muhimu. Kuku hana kiwambo cha kifua kama sisi. Mapafu yake hayapanuki, hewa inasukumwa na mbavu na mfupa wa kidari vinavyopanda na kushuka. Ukimbana kidari kwa mikono miwili, au ukimlaza chali mgonjwa anayehema, unaweza kumuua mkononi mwako. Bana mbawa tu, kidari kiachwe huru.

Akiwa mkononi, mfungue mdomo umulike. Kwenye mafua ya kawaida utaona kamasi na wekundu. Ukiona utando wa manjano kama jibini umeng'ang'ania ulimini au kwenye tundu la hewa lililo nyuma ya ulimi, na ukiugusa unatoka na damu, hiyo ni ndui ya mdomoni. Usiubandue kwa nguvu, maana kidonda kitavuja damu kwenye njia ya hewa. Ukiona vipele vyeupe vidogo vingi mithili ya chembe za sago, visivyonuka, na macho yana ute mzito, fikiria upungufu wa vitamini A. Wafugaji wengi hawaufikirii huu. Mahindi yetu mengi ni meupe, na mahindi meupe hayana ile rangi ya manjano ambayo mwili wa kuku hugeuza kuwa vitamini A. Kuku wa ndani anayekula pumba na mahindi meupe bila majani huvimba macho kama mwenye mafua, na hakuna antibayotiki itakayomsaidia. Wape mchicha, matembele au majani ya maboga kila siku, tena tangu leo, wawe na upungufu au la.

Kuna magonjwa mengine ya kukoroma ambayo nayataja kwa sababu muuza dawa atakuuzia poda ileile kwa yote. Mafua sugu, yanayoletwa na bakteria aitwaye maikoplasma, huenda polepole kwa wiki nyingi: povu kwenye kona ya jicho, kukoroma, kukonda, harufu mbaya hakuna. Haya hupita hadi ndani ya yai na kifaranga huzaliwa nayo. Mafua na mafua sugu hupenda kukaa pamoja katika kuku mmoja, na nina shaka kwako yapo yote mawili, maana mafua peke yake mara nyingi hayakoromeshi nusu ya banda. Bronkaitisi ya kuku ni ya virusi. Huwapata karibu wote ndani ya siku mbili, nyuso hazivimbi sana, ila mayai yanakuja yamekunjamana ganda na ute ni maji matupu. Kuku anayenyoosha shingo, akatoa mlio, akakohoa damu ukutani, ana ugonjwa wa koo la hewa ambao unahitaji afisa mifugo. Wadogo wanaopiga miayo na kutikisa kichwa bila kamasi wanaweza kuwa na minyoo ya koo, waliyoipata kwa kula nyungunyungu. Hao hupewa dawa ya minyoo. Na vifaranga wanaohema mdomo wazi kimyakimya, bila mkoromo wowote, mara nyingi wamevuta ukungu wa maranda yaliyoota. Ukungu huo hauna dawa ya kutegemea, yatolewe maranda.

Kwa wasomaji wa Tanga na Dar es Salaam: kuku anayehema mdomo wazi saa nane mchana, mbawa kaziachia, macho makavu, upanga mwekundu, ana joto tu. Mpe kivuli na maji ya baridi.

Sasa hewa, na hapa nitakaa, kwa sababu ndiyo nusu ya tiba na haiuzwi dukani.

Kuku 32 (mitetea 31 na jogoo) waliofungiwa usiku hutoa unyevu mwingi kwa pumzi na kinyesi. Ukiziba juu na chini, unyevu huo unatua kwenye maranda, maranda yanaoza, na mkojo mweupe ulio kwenye kinyesi unageuka amonia. Amonia inaunguza vinyweleo vidogo vya ndani ya koo la hewa, ambavyo kazi yake ni kufagia kamasi na vumbi na kuvitoa nje. Vikishaungua, kimelea chochote kinachoingia kinashuka bila kizuizi. Pua ya mtu huanza kuinusa amonia ikiwa imeshafika kiasi cha kuwadhuru kuku, na wewe uliyezoea banda lako huinusi hata hapo. Kwa hiyo fanya hivi: asubuhi ukifungua mlango tu, kabla banda halijapata hewa mpya, ingia, chuchumaa hadi kichwa chako kiwe usawa wa kichwa cha kuku, vuta pumzi mara tano. Macho yakikuwasha au kutoa machozi, kuku wako wamelala humo kwa muda wa saa kumi na mbili. Chukua na konzi ya maranda uyafinye. Yakibaki donge ukiachia mkono, yamelowa.

Toa nailoni ya juu ya mlango leo. Acha uwazi wa sentimita 30 chini ya paa kwenye kuta mbili zinazotazamana, uweke wavu tu. Kiroba kibaki upande unaotoka upepo peke yake, kuanzia chini hadi kipande kidogo juu ya vichwa vya kuku wakiwa wamelala kwenye fito. Hewa ya joto yenye unyevu ipite juu yao, upepo usiwapige mwilini. Najua Julai ya Mbeya, usiku nyuzi zinashuka chini ya kumi. Mtetea mkubwa mwenye manyoya makavu na tumbo lililoshiba anaimudu baridi hiyo. Asichokimudu ni unyevu. Na usije ukaingiza jiko la mkaa kuwapasha joto. Moshi wake usioonekana unawaua kabla ya mafua.

Maranda yaliyolowa yatolewe yote. Watoe kuku nje kwanza, nyunyiza maji kidogo kupunguza vumbi, ndipo ukwangue. Weka makavu, unene wa sentimita nane hadi kumi. Wengi hapa hukimbilia kumwaga chokaa juu ya maranda yenye maji wakidhani inakata harufu. Chokaa ni alikali, kinyume cha asidi iliyo kwenye ndimu, na ualikali huo ndio unaoifukuza amonia itoke kwa wingi zaidi. Chokaa ipakwe sakafuni na ukutani wakati banda halina kuku wala maranda.

Nafasi yako si mbaya, mita za mraba saba na nusu kwa kuku 32 inakubalika. Usiongeze.

Kesho asubuhi watenge. Wenye uso uliovimba na wanaokoroma kwa nguvu wakae peke yao, hata kama ni kwenye kibanda cha muda cha mabanzi na turubai, mbali na wengine na si upande ambao upepo unatoka. Jogoo aende na wagonjwa. Wazima wahudumiwe kwanza kila siku, wagonjwa mwisho, na ndala za huko zisirudi huku. Vyombo vya maji vioshwe kwa sabuni kila asubuhi, kisha viloweshwe dakika kumi kwenye maji yenye dawa ya klorini ya kufulia, mililita 20 kwa lita moja, visuuzwe. Maji ya kunywa ndiyo njia kuu ya mafua haya kupita kutoka kuku hadi kuku, maana kila mgonjwa anayeinama kunywa anaacha kamasi mle. Faraja ni kwamba kimelea chenyewe ni dhaifu nje ya mwili wa kuku. Siku mbili tatu za ukavu na jua zinakimaliza.

Macho yaliyofunga yasafishwe mara mbili kwa siku. Chemsha nusu lita ya maji, tia robo tatu ya kijiko cha chai cha chumvi, yapoe. Kwa pamba iliyolowa, lainisha gamba kwanza mpaka liachie lenyewe, futa kutoka jicho kwenda nje, pamba mpya kila jicho. Pua nayo ifutwe, kwa sababu matundu yakiziba kuku analazimika kuhema kwa mdomo na anaacha kula. Usikamue uvimbe wa usoni. Usaha wa kuku haumiminiki kama wa mtu, huganda kama jibini. Ukikamua unausukuma ndani zaidi. Ukibaki mgumu baada ya dawa kuisha, afisa mifugo anaupasua na kuuondoa kwa dakika chache. Kuku asiyeona hawezi kula, kwa hiyo chakula kilowekwe kidogo na kisogezwe miguuni pake.

Sasa dawa. Kapsuli zako hazikushindwa kwa bahati mbaya. Kapsuli sita za miligramu 250 ni miligramu 1,500. Ukizigawa kwa lita 20 unapata 75 kwa lita, kiasi ambacho kinawatekenya vimelea bila kuwaua. Siku mbili ni chache. Na tetrasaikilini hushikana na kalsiamu iliyo kwenye chakula cha kuku wa mayai, hivyo sehemu nzuri ya hicho kidogo ilipita tumboni bila kuingia kwenye damu. Kitunguu saumu na shubiri havikudhuru, lakini maji machungu hayanyweki, na dawa isiyonyweka haitibu.

Ile poda ya mfuko wa nailoni usiitumie. Dawa isiyo na kifungashio chake haina jina, haina nguvu inayojulikana, haina tarehe ya kuisha. Irudishe, udai pakiti iliyosajiliwa na TMDA (Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba), yenye jina la dawa, miligramu ngapi kwa kila gramu, na siku za kusubiri kwa mayai na kwa nyama.

Dawa ambayo ningemwomba afisa mifugo akuandikie ni tailosini ya kuyeyusha kwenye maji, kwa kuwa inayagusa mafua na mafua sugu kwa pamoja. Kiwango chake ni nusu gramu ya tailosini halisi kwa lita moja ya maji, siku tano mfululizo. Hapo kwenye "halisi" ndipo kijiko kinapoharibu mambo. Kuku wako 32 kwenye baridi watakunywa karibu lita sita kwa siku, kwa hiyo wanahitaji gramu tatu za tailosini. Pakiti ikiwa ni tailosini tupu, ni gramu tatu za poda. Pakiti ikiandika miligramu 100 kwa gramu, ni gramu 30 za poda kwa maji yaleyale. Poda mbili, kijiko kimoja, tofauti mara kumi. Pima kwa mizani ya jikoni au mwombe muuzaji akupimie vifungu vitano vya siku moja moja mbele yako.

Ondoa maji bandani saa moja kabla, ili waje na kiu. Changanya ya siku ile tu, kwenye chombo cha plastiki, kiwekwe kivulini, na pasiwe na maji mengine popote, hata dimbwi la uani. Yaliyobaki yamwagwe kesho yake. Gawanya kwa uwiano wa kuku: kama wagonjwa ni 16, lita tatu huku na tatu huko, kwa sababu wanaoonekana wazima wameshaambukizwa.

Mgonjwa mahututi hanywi, na huyo dawa ya maji haimfikii. Anahitaji sindano ya msuli wa kidari, na ipigwe na afisa mifugo. Ukimnywesha kwa bomba la sindano, tone liingie pembeni mwa mdomo kidogo kidogo, yeye ameze mwenyewe. Tundu la hewa liko wazi nyuma tu ya ulimi. Ukimimina katikati, dawa inaingia mapafuni.

Wataweza kukushawishi uchukue enrofloksasini, maana inauzwa kila duka na inafanya kazi haraka. Kuku wanaotaga mayai ya kuliwa hawapewi. Marekani iliifuta kabisa kwa kuku mwaka 2005 kwa hofu ya usugu wa vimelea kwa binadamu. Dawa za salfa nazo hutibu mafua vizuri, ila hushusha utagaji na hubaki kwenye yai. Ziache kwa matembe ambao hawajaanza kutaga.

Ndani ya saa 48 hadi 72 mkoromo upungue na chakula kianze kuliwa. Isipokuwa hivyo siku ya tatu, usiongeze kipimo wala usichanganye dawa ya pili. Chukua kuku mmoja aliye hai na dalili mbichi, ambaye hajanyweshwa dawa kama yupo, umpeleke kwa daktari wa mifugo wa wilaya au maabara ya TVLA (Wakala wa Maabara ya Veterinari). Mzoga ufungwe nailoni mbili na uwekwe kwenye barafu, usigandishwe. Waliokufa wengine wazikwe futi tatu chini. Mbwa wakifukua, kazi yote inaanza upya.

Mayai: tangu ulipotia kapsuli, watoto wasiyale na usiyauze. Hesabu ya siku za kusubiri inaanza siku ya mwisho ya dawa, na idadi yake ni ile iliyoandikwa kwenye pakiti ya dawa unayoitumia, kwa kuwa hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Pakiti isiposema kitu juu ya mayai, omba nyingine. Kuchemsha au kukaanga hakuondoi dawa. Nyama hivyohivyo. Utagaji usiutarajie upande mara moja. Wiki mbili hadi nne, na wengine hawarudi kwenye 22.

Hawa 31 wakipona watabaki wabebaji. Baridi ikirudi, au ukiwahamisha, au wakipungukiwa chakula, utasikia chafya tena. Hilo ndilo linaloamua mipango yako, mama, kuliko dawa. Wafuge kama kundi lililofungwa: asiingie kuku mpya, asitoke kuku hai kwenda kwa mfugaji mwingine. Utagaji ukiisha wauzwe wa kuchinja, siku za dawa zikiwa zimepita. Banda likwanguliwe, lioshwe, lipakwe chokaa, likae tupu wiki tatu, ndipo uingize vifaranga wa siku moja kutoka kwa mtotoleshaji unayemwamini. Usitotoleshe mayai ya hawa. Mafua hayapiti kwenye yai, lakini maikoplasma hupita. Siku zijazo, kuku yeyote wa kununua akae peke yake wiki tatu hadi nne mbali na banda. Siku nne tu zingetosha jogoo huyu kukuonyesha kamasi yake.

Chanjo ya mdondo ya matone, ile ya I-2, hurudiwa kila miezi mitatu. Ya Januari ilipaswa kurudiwa Aprili, na sasa tena Julai. Usiwachanje wakiwa wanakoroma, kwa sababu ni chanjo hai na inachokoza koo la hewa lililokwisha kuumia. Subiri wiki mbili tangu chafya ya mwisho, kisha tone moja kwenye jicho moja, wote siku moja, usimwachie mpaka akope na tone lizame. Inavumilia joto kuliko chanjo nyingine, lakini ibebe kwenye kitambaa chenye maji na isipigwe jua. Jirani yako naye, ambaye kuku wake wanachokora takataka pamoja na wako, mwambie achanje siku hiyohiyo. Chupa moja inatosha kuku wenu wote na itawagawia gharama.

Jogoo achinjwe siku za kusubiri za dawa zikishapita. Mnadani asirudi.